Mchicha wa saa nane mchana: jinsi maji yanavyohama ndani ya jani

Mama mwenye genge mtaani kwetu ana chupa ya maji aliyoitoboa kifuniko kwa msumari. Ikifika saa nane mchana, mafungu ya mchicha yakianza kulegea, huinyanyua, akayarashia mara mbili tatu, kisha akaendelea kumenya vitunguu saumu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitoboe matundu makubwa zaidi ili mchicha unywe ushibe. Akacheka. "Mwanangu, mchicha haunywi kwa majani. Hapa napunguza joto tu. Mafungu yanayokunywa yapo kwenye beseni, yale yenye mizizi."

Jibu hilo lilinirudisha kwenye sentensi tuliyokaririshwa shuleni: maji hutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache kupitia utando. Ukiifuata neno kwa neno, kipande cha kitunguu ukikitia kwenye maji matupu kitaendelea kunywa mpaka kipasuke, kwa sababu ndani yake hakukosi sukari na chumvi, na nje hakuna kitu. Lakini hakipasuki. Hunyonya kidogo, hukakamaa, basi. Sentensi ile si ya uongo, ila imekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayousimamisha mchicha asubuhi.

Tuanze na kitunguu chekundu, maana nyumba yake inaonekana vizuri. Wala hatujatoka kwenye majani: yale magamba unayoyatenganisha jikoni ni majani, sehemu zake za chini zilizonenepa kwa akiba ya chakula. Bandua ngozi nyembamba ya nje ya gamba, itandaze kwenye kioo, tia tone la maji, chungulia kwa hadubini. Utaona vyumba, yaani seli, vimepangwa kama matofali, kila kimoja kimejaa rangi ya zambarau. Ila rangi haikuenea chumba kizima. Imo ndani ya mfuko mmoja mkubwa unaoitwa vakuoli, na mfuko huo umechukua karibu nafasi yote. Katika seli iliyokomaa ya jani, vakuoli hufika asilimia 80 hadi 90 ya ujazo. Saitoplazimu, yaani ule uteute ambamo kazi zote za uhai hufanyika, imesukumwa pembeni ikawa kama rangi iliyopakwa ukutani.

Kwa hiyo maji ya jani hayakai mahali pamoja. Yapo kwenye vakuoli. Yapo kwenye saitoplazimu. Yapo ndani ya kloroplasti, vile vidonge vya kijani vinavyotengeneza sukari (kitunguu hakina, mchicha umejaa tele). Yapo pia nje ya seli kabisa, yamelowana kwenye ukuta, ambao umefumwa kwa nyuzi za selulosi na una vitundu vidogo mno. Baina ya ukuta na saitoplazimu kuna utando mmoja, baina ya saitoplazimu na vakuoli kuna mwingine, na kloroplasti imejifunika tando zake mbili. Tone moja la maji linalotoka kwenye vakuoli kwenda hewani lina mipaka kadhaa ya kuvuka.

Nini basi kinalisukuma? Hapa wataalamu wana hesabu inayowachanganya wanafunzi kwa sababu imejaa alama za kutoa. Mimi naigeuza na kuiita kiu. Kila mahali penye maji pana kiu ya kiasi fulani, na maji huenda kwenye kiu kubwa zaidi. Chumvi na sukari zilizoyeyuka huongeza kiu. Vitundu vidogo vinavyong'ang'ania maji, kama vya ukutani au vya udongo mfinyanzi, huongeza kiu. Shinikizo hupunguza kiu, kwani mahali palipobanwa husukuma maji nje. Kiu ya seli ni ile iletwayo na vilivyoyeyuka, ukitoa shinikizo lililomo ndani. Hili la mwisho ndilo sentensi ya shuleni ililoliacha.

Turudi kwenye kitunguu ndani ya maji matupu. Maji yanaingia kwa sababu ya sukari, vakuoli inavimba, utando unausukuma ukuta. Ukuta hautanuki sana, nao unasukuma ndani. Shinikizo linapanda mpaka linalingana na mvuto wa sukari, kiu inafika sifuri, na maji yanaacha kuingia ingawa sukari bado imo ndani. Shinikizo hilo si la mchezo. Tairi la gari dogo fundi hulijaza upepo wa 30, ambao kwa kipimo cha wataalamu cha shinikizo ni kama megapaskali 0.2. Seli ya kawaida ya jani hubeba 0.5, na mara nyingi zaidi. Jani laini la mchicha unalolikunja kwa vidole viwili ni maelfu kwa maelfu ya vijitairi vilivyojazwa kupita gari, na huo upepo wake, ambao ni maji, ndio mifupa yake.

Chukua mfano wa hesabu. Alfajiri, seli ya mchicha ina vilivyoyeyuka vya kuleta kiu ya megapaskali 1.0, na shinikizo la 0.9. Kiu yake ni 0.1, sawa na ya udongo uliomwagiliwa jana. Hakuna kinachohama. Jua linapanda, maji yanatoka kwenye jani kuliko yanavyoingia, na shinikizo linashuka: 0.6, 0.3, hatimaye sifuri. Ajabu ni kwamba kufika sifuri hakuhitaji kukauka. Seli ikipoteza kama asilimia 13 tu ya maji yake, vilivyomo vinakolea kidogo na kufika 1.15, shinikizo linakwisha, na kiu nzima ya 1.15 inabaki wazi. Ndiyo maana fungu la saa nane linaonekana limekufa huku bado limejaa maji. Limepoteza upepo.

Hesabu hizi zilianzia kwenye mimea kabla hazijawa za kemia. Mwaka 1877 Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alitengeneza utando ndani ya kuta za kichungu cha udongo na kupima shinikizo la maji ya sukari. Mwenzake wa Uholanzi, Hugo de Vries, ambaye alikuwa akitazama seli zikisinyaa kwenye maji ya chumvi, alimdokeza Jacobus van 't Hoff habari za vipimo hivyo. Van 't Hoff alitoa humo kanuni inayofanana na ile ya gesi, na mwaka 1901 akapata Nobel ya kwanza kabisa ya kemia.

Kile alichokitazama de Vries unakifanya kila unapotengeneza kachumbari. Kijiko cha chai cha chumvi ndani ya nusu kikombe cha maji kina kiu ya karibu megapaskali 4. Kitunguu hakina cha kushindana nayo. Chini ya hadubini, mfuko wa zambarau unaanza kusinyaa na rangi yake inakolea, kisha utando unabanduka ukutani, ukuta unabaki umesimama peke yake kama nyumba iliyohamwa. Ile nafasi iliyoachwa baina yao haina hewa, imejaa maji ya chumvi, kwa kuwa ukuta hauzuii chumvi. Utando ndio unaozuia. Ukiosha chumvi upesi na kurudisha maji matupu, ndani ya dakika chache mfuko unavimba tena na kuujaza ukuta. Angalia na bakuli lako: maji yaliyotoka kwa chumvi tu huwa karibu hayana rangi, maana maji yamepita na rangi imebaki kwenye vakuoli. Ukivifikicha vitunguu kwa nguvu, kama tufanyavyo wengi kuondoa ukali, maji hutoka ya pinki. Hapo umepasua tando zenyewe.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa maji hupenya tando kwa kujipenyeza tu kati ya mafuta yaliyozijenga. Hupenya hivyo kweli, lakini polepole. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba protini moja waliyoikuta kwenye chembe nyekundu za damu ni mlango wa maji. Waliyapa mayai ya chura maelekezo ya kuitengeneza, wakayatia kwenye maji yasiyo na chumvi nyingi, nayo yakavimba yakapasuka, wakati mayai ya kawaida yalikaa kimya. Mwaka uliofuata mlango kama huo ulitambuliwa kwenye mmea, tena kwenye utando wa vakuoli. Milango hii huitwa akwaporini. Molekuli za maji hupita kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kiasi cha bilioni kwa sekunde katika mlango mmoja. Agre alipata Nobel yake mwaka 2003. Binadamu ana aina 13 za milango hii. Arabidopsis, gugu dogo la maabara, lina jeni 35 za akwaporini. Mtu akiishiwa maji hunyanyuka akaenda mtungini. Gugu halina pa kwenda, na nadhani ndiyo maana limejaza milango.

Lakini mlango si pampu, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Akwaporini haivuti maji wala haiyasukumi, inayaachia tu yaende yanakotaka kwenda. Mmea una pampu za kusukuma hidrojeni iliyopoteza elektroni, ambazo huwezesha potasiamu na chumvi nyingine kuhama, na pampu hizo hula nishati. Pampu ya maji yenyewe haimo. Jani likitaka maji yahame, huhamisha chumvi, au hufungua na kufunga milango, kisha husubiri. Maji hufuata chumvi kama siafu wanavyofuata njia ya mwenzao.

Sasa tuingie ndani ya seli moja. Vipimo vya seli za tumbaku na ngano vimeonyesha kwamba utando wa vakuoli hupitisha maji kwa urahisi mara nyingi zaidi ya utando wa nje. Mwanzoni niliona hili halina maana: kwa nini ulinde lango la nje, kisha mlango wa chumbani uuache wazi? Fikiria ule uteute mwembamba ukutani. Ujazo wake ni mdogo, na ndimo zilimo protini zinazoharibika vilivyoyeyuka vikikolea ghafla. Chumvi ikigusa ukuta kwa nje, maji ya saitoplazimu huanza kutoka mara moja. Bila tangi la karibu ingesinyaa kabla ya kujitetea. Kwa kuwa njia ya kwenda vakuoli iko wazi, maji ya vakuoli humiminika kuifidia, na mshtuko unagawanywa kwa seli nzima. Vakuoli ni kama tangi lililo juu ya paa: bomba la mtaa likikatika, jikoni hawajui kwa muda.

Kuna sharti gumu linalotokana na uwazi huo. Utando wa vakuoli ni laini, hauna ukuta wa kuusaidia, hivyo hauwezi kubeba tofauti ya shinikizo. Kiu ya vakuoli na kiu ya saitoplazimu lazima zilingane, na kwa kuwa shinikizo lao ni moja, ukoleaji wao lazima ulingane pia. Kwa mchicha hilo ni jambo dogo. Kwa mchu, ule mti wa jamii ya mikoko unaoota maji ya bahari yanapofika, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji na kusini zaidi, ni suala la kufa na kupona. Maji ya bahari yana kiu ya karibu megapaskali 2.5, kwa hiyo jani la mchu lazima liwe na kiu kubwa zaidi ya hapo ndipo lipate hata tone. Mchu huijaza vakuoli yake chumvi, na ile ya ziada huitoa kupitia tezi za majani (pitisha ulimi juu ya jani lake, utaionja). Saitoplazimu haiwezi kuvumilia chumvi kiasi hicho. Kwa hiyo yenyewe hujijazia vitu visivyodhuru protini, hasa kimoja kiitwacho glisini betaini, mpaka ukoleaji ulingane na wa vakuoli. Vyumba viwili, viungo tofauti, kiu ileile. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walitumia chungu cha shinikizo kupima matawi ya mikoko: unakata tawi, unalifungia ndani huku kikonyo kimechomoza, unaongeza gesi mpaka utomvu uchomoze kwenye jeraha. Shinikizo lililohitajika kulirudisha tone pale lilipokuwa ndicho kipimo cha mvuto uliokuwemo. Kwenye mikoko ulipita wa bahari, kama hesabu ilivyodai.

Kloroplasti nayo hufuata sheria hiyo. Seli ikisinyaa, nayo husinyaa, na utengenezaji wa sukari hushuka.

Kutoka seli hadi seli maji yana njia tatu. Yanaweza kutembea kwenye kuta tu, bila kuingia ndani ya seli yoyote. Yanaweza kupita kwenye vijishimo vinavyotoboa kuta na kuunganisha saitoplazimu ya jirani na jirani, viitwavyo plazmodesmata. Au yanaweza kuingia seli na kutoka, kuingia na kutoka, yakivuka utando kila mara kupitia akwaporini. Hakuna njia inayotawala daima. Usiku, mchana, ukame na mwanga hubadilisha mgawo, na mmea mmoja si sawa na mwingine. Kwenye jani, mahali pa kuangalia ni zile seli zilizoukumbatia mshipa. Zimeshikana sana, na maji yanayotoka mshipani hukutana nazo kabla ya kuenea, hivyo zikipunguza akwaporini zao jani zima linaona njaa ya maji. Jani ni safari fupi, pengine milimita moja kutoka mshipa hadi tundu la hewa, lakini kwenye mimea mingi hubeba karibu theluthi ya ugumu wote ambao maji hukutana nao kutoka mizizini.

Mwisho wa njia ni ukuta uliolowa ulioelekea nafasi za hewa ndani ya jani. Hapo maji huwa mvuke. Sasa linganisha kiu. Hewa ya ndani ya jani ina unyevu wa karibu asilimia 99, na kiu yake ni kama megapaskali 1.4. Hewa ya nje ya Dar es Salaam saa nane mchana ikiwa na unyevu wa asilimia 60 ina kiu ya takriban megapaskali 70. Sijakosea kuandika. Kutoka udongoni hadi ndani ya jani kiu inapanda kwa megapaskali moja au mbili, kisha kwenye tundu moja inaruka hadi sabini. Maji yakichopoka kwenye vitundu vya ukuta, yanayobaki hujikunja na kuvuta yaliyo nyuma, na mvuto huo hushuka mshipani hadi mizizini kwa sababu molekuli za maji zimeshikana. Henry Dixon na John Joly waliieleza hoja hii mjini Dublin mwaka 1894, wengi wakaipinga, lakini vipimo vya baadaye vimeendelea kuiunga mkono. Vitundu vya ukuta ni vidogo kiasi cha kuweza kushikilia maji dhidi ya mvuto wa zaidi ya megapaskali 20 kabla hewa haijaingia.

Penye mruko mkubwa kiasi hicho ndipo penye mlinzi. Kila tundu, yaani stomata, lina seli mbili zenye umbo la maharage zilizoangaliana. Mwanga ukizigusa, zinasukuma hidrojeni nje kwa nguvu, potasiamu inaingia, kiu inapanda, maji yanafuata, shinikizo linapanda, nazo zinapinda na kuacha uwazi katikati. Ukame ukianza, homoni ya asidi ya absisiki huamuru potasiamu itoke, maji nayo hutoka, seli hulegea na tundu hufunga. Hakuna msuli, ni chumvi na maji. Mmea hulipa bei kila upande: tundu likiwa wazi maji yanapotea, likifungwa hewa ukaa haiingii. Mchicha, kama mahindi na mtama, una mfumo wa kukamata hewa ukaa kwa ubahili, kwa hiyo kwa kila kiasi cha sukari hupoteza maji machache kuliko maharage au mpunga. Kwa mboga inayolegea upesi hivi gengeni, usingedhani sifa hiyo ni yake.

Na milango ya ndani pia hufungwa. Mwaka 2006 lilichapishwa umbo la akwaporini ya jani la spinachi, ile yenyewe, si hii ya sokoni kwetu ambayo mara nyingi ni ndugu wa kiazisukari. (Zote mbili ni za ukoo mmoja na mchicha.) Protini hiyo ina kitanzi kama ulimi upande wa ndani. Ukame ukija, fosfeti iliyobandikwa kwenye protini inaondolewa na ulimi unaziba tundu. Saitoplazimu ikiwa na asidi zaidi ya kawaida, ulimi unaziba pia. Hili la pili linafungua fumbo la kila mwenye bustani: mmea uliozama kwenye maji hunyauka. Udongo uliofurika hauna oksijeni, mizizi inaingiwa na asidi, milango inafungwa, na majani yanalegea kwa kiu huku shina limesimama dimbwini. Mwenye bustani akiona hivyo huongeza maji.

Rashia ya mama wa genge sasa inaeleweka. Ngozi ya jani ina nta, na matone yanayoingia kupitia humo ni kidogo sana. Lakini yakikauka yanapoza jani na kuilowesha hewa iliyolizunguka, kwa hiyo ile kiu ya sabini inapungua na vijitairi vinapoteza upepo taratibu zaidi. Beseni ni jambo jingine: mizizi ipo, mshipa haujakatika, kiu ya seli inavuta maji mpaka shinikizo lirudi, na ndani ya saa moja mbili mchicha unasimama. Fungu lililokatwa shina liko katikati. Shina likikatwa mchana, maji yaliyokuwa yamevutwa yanarudi ndani ghafla na hewa inaingia kwenye mishipa, kwa hiyo likitiwa majini bila kukatwa upya linaweza kushindwa kunywa.

Sufuriani ndiko kusikorudi nyuma. Moto unaharibu tando zote, ya nje na ya vakuoli, na mafungu matatu yanakuwa bakuli moja kabla hata maji hayajakauka. Kuta bado zipo, ndizo unazozitafuna, ila hakuna tena cha kushika shinikizo. Mchicha uliogandishwa kwenye friji na kuyeyushwa una hali hiyohiyo, barafu ikiwa imefanya kazi ya moto.

Jioni nilipopita tena, ya beseni yalikuwa yamesimama. Yaliyokatwa hayakuwepo. Mama huyapanga mbele tangu asubuhi na kuyauza kwanza.